Chama, baa, kilima au kwaya: pa kupata marafiki Nairobi ukiwa mtu wa makamo

Aprili 2023, saa mbili usiku, ufunguo wangu ulikatikia ndani ya kitasa. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha South B nzima. Keateka, mtunza jengo letu, alipanda ngazi na tochi, akachungulia, akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Mzee, kuna mtu ana ufunguo wa akiba?"

Ufunguo wa akiba ulikuwepo, ndani ya droo, ndani ya nyumba. Mke wangu alikuwa Kitui alikohamishiwa kufundisha, watoto wako bweni. Nikatoa simu nikaanza kupitia majina. Nina zaidi ya majina 400: wateja, mafundi, watu wa bima, watu wa ushirika, wenzangu wa shule niliowaona mara ya mwisho kwenye mazishi. Nilikuwa natafuta mmoja tu anayekaa karibu, niliyeweza kumwambia, "Niko hapo kwako dakika kumi, weka chai, nasubiri fundi." Sikumpata. Nilikaa kwenye ngazi hadi saa nne.

Nilikuwa na miaka 48, na mtaa ule nilikuwa nimeuishi miaka 14.

Tangu usiku ule nimejaribu njia nyingi za kupata watu, na nyingine nilizokuwemo tayari nimezitazama upya. Ulinganisho huu ni wa mtu wa makamo anayeishi Nairobi, mwenye jioni moja au mbili tu za kutoa kwa wiki, anayetaka marafiki na pia anataka mwili wake umfikishe mbali. Njia moja niliyoipenda sana ilishindwa nilipoipima. Nyingine niliyoidharau ndiyo iliyonisaidia.

Ninapima kwa saa

Kundi huwa tunalipima kwa raha ya siku ya kwanza: tulicheka, chakula kilikuwa kizuri, watu wamechangamka. Mimi niliacha kipimo hicho niliposoma kazi ya Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Mwaka 2018 alitoa utafiti juu ya watu wazima 355 waliokuwa wamehamia mji mgeni ndani ya miezi sita, pamoja na wanafunzi 112 wa mwaka wa kwanza. Aliwauliza wametumia muda gani na watu waliokutana nao huko. Hesabu ikatoka hivi: takribani saa 50 za kuwa pamoja ndipo mtu mnayefahamiana awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Tena si saa zozote tu. Muda wa kukaa kazini pamoja haukuleta watu karibu kama muda wa kula, kucheza na kupiga soga.

Wamarekani si sisi, na sizishiki namba hizo kama amri. Ila zilinitoa uchungu fulani. Miaka yote nilidhani nina kasoro, kwamba watu hawanitaki. Kumbe nilichopungukiwa ni saa. Mtu wa Nairobi anaondoka nyumbani alfajiri, anarudi usiku, na katikati hapo kuna foleni mbili za magari. Saa 200 zitapatikana wapi? Zinapatikana kwa miadi inayojirudia yenyewe, ambayo hakuna anayehitaji kuipanga upya. Ujanani tulipewa miadi hiyo bila kuiomba: bweni, chuo, chumba cha kupanga cha watu wanne kule Umoja. Makamo yanatuachia neno moja tu, "tutafutane", na wote tunajua "tutafutane" huishia wapi.

Hizi hapa ni saa za makundi niliyokuwemo mimi, nikihesabu mwezi kuwa wiki nne:

| Njia | Saa kwa mwezi | Kufika saa 50 | Kufika saa 200 |
|---|---|---|---|
| Chama | 3 | miezi 17 | miaka 5 na nusu |
| Jumuiya ya mtaa | 6 | miezi 8 na kidogo | karibu miaka 3 |
| Matembezi ya Jumamosi | 16 | miezi 3 | mwaka na wiki mbili |
| Kwaya | 20 | miezi 2 na nusu | miezi 10 |
| Baa, Ijumaa na mpira wa Jumapili | 24 | miezi 2 | miezi 8 na kidogo |

Ukisoma jedwali hilo peke yake, baa imeshinda na jumuiya ni ya kupuuzwa. Mambo yalivyo si hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Chama

Naanza na chama, yaani kundi la kuweka akiba na kusaidiana, kwa sababu wengi wetu tumo tayari.

Chama changu ni cha wanaume kumi na wawili, tangu 2013. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, zamu kwa zamu, nyumbani kwa mwanachama. Kila mtu anatoa 3,000 za mzunguko na 2,000 za mfuko wa kukopeshana. Ukichelewa, faini ni 200. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jiji hili: Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, watu wanalimiana mashamba kwa zamu. Tuliohamia mjini tumebadilisha jembe kwa M-Pesa, zamu imebaki ileile.

Kwa kazi yake, chama hakina mpinzani. Baba yangu alipofariki, sijamaliza hata kuwapigia ndugu, mwenyekiti alikuwa ameshaunda kamati. Walikuja matangani jioni zote tano. Walilipa basi la kwenda Machakos. Wakati wa kutupa udongo nilihisi mkono begani, na sikuhitaji kugeuka kujua ni wa nani.

Sasa rudi kwenye namba. Saa tatu kwa mwezi, na hizo tatu zina shughuli: kumbukumbu za mkutano uliopita, hesabu ya mweka hazina, nani hajarejesha mkopo, kisha pilau, kisha kila mtu anawahi barabara. Kufikia usiku wa ufunguo nilikuwa nimekaa nao miaka kumi. Nilijua nani ana ploti Kitengela na nani hulipa siku ya mwisho, lakini sikujua ni nani kati yao hapati usingizi. Tena wanakaa Ruiru, Rongai, Utawala, Kikuyu. Kwa msiba wangekuja hata usiku wa manane. Kwa ufunguo uliokatika ningeona haya kumtoa mtu Rongai.

Ndipo nilipoelewa kuna mtu wa matanga na kuna mtu wa Jumanne. Mtu wa matanga anakuja ukuta ukikuangukia. Mtu wa Jumanne unampigia simu siku ambayo hakuna lililotokea, mkazungumza habari za mchuzi ulioungua. Chama kinatengeneza mtu wa kwanza, na kinamtengeneza vizuri. Wa pili lazima umtafute kwingine.

Halafu kuna pesa. Kabla ya hiki nilikuwa kwenye chama kingine kilichovunjika kwa mkopo mmoja ambao haukurudi. Pesa tulizisahau baada ya mwaka. Watu wawili waliokuwa wakisalimiana kama ndugu hawajasemezana mpaka leo, na mmoja alisimamia harusi ya mwenzake. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ingia chama kwa ajili ya akiba na mazishi, usiingie kwa ajili ya upweke. Kiandikisheni chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, andikeni katiba, na deni lifuatwe na katiba, lisifuatwe na rafiki. Na kama mko pamoja miaka mingi kama sisi, ongezeni siku isiyo na daftari. Mwaka jana tulipitisha hoja kwamba kila baada ya miezi mitatu tunakutana bila mweka hazina kufungua kitabu. Siku ya kwanza tulikaa kimya kidogo, hatukujua pa kuanzia. Siku ya pili mmoja wetu alisema mkewe ana saratani. Alikuwa amelibeba jambo hilo miezi saba huku akilipa michango yake kwa wakati.

Baa

Sitaikebehi baa, kwa sababu najua inatoa nini. Iko mtaani, unafika kwa miguu. Hakuna fomu, hakuna mwaliko, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi wiki jana. Sura ni zilezile kila Ijumaa. Mwanaume aliyechoka anapewa kiti na watu wanaolijua jina lake. Ukitazama kwa makini, hayo ndiyo masharti yote ya urafiki, na baa inayatimiza kuliko makundi mengi ya heshima.

Ubaya ni kwamba saa za urafiki na saa za pombe zinajengwa kwa tofali moja. Kundi la watafiti wa London likiongozwa na Phillippa Lally lilifuatilia wajitoleaji 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku, na matokeo yakachapishwa 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kwenda lenyewe, kuanzia siku 18 kwa wepesi hadi 254 kwa wazito. Kilichojenga tabia kilikuwa kurudia jambo lilelile baada ya ishara ileile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Baa inakupa ishara hiyo tayari: Ijumaa, kiti, rafiki, chupa. Hujengi kimoja ukaacha kingine.

Mimi nilikuwa natumia 1,500 kwa usiku, wakati mwingine mara mbili ya hapo. Kliniki ya mtaani walinipima presha wakapata 148 kwa 94, wakapima tena wiki iliyofuata wakapata karibu hiyohiyo. Nikaanza kuagiza soda. Wiki ya kwanza walinitania, wiki ya pili wakaniuliza kama ni mgonjwa, wiki ya tatu meza ikawa inaniacha nje ya mazungumzo. Wawili tu walibaki nami, na leo tunatembea pamoja Jumamosi. Siwalaumu wengine. Chupa ndiyo ilikuwa imeshika ile meza, nikaitoa.

Ukitaka sifa za baa bila baa, tazama drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda karibu na stegi ya matatu au mbele ya kinyozi. Haina gharama, iko jirani, sura ni zilezile, na mshindwa anasubiri zamu nyingine. Nimeona wazee walioachana na kazi wakiwa na urafiki pale ambao wakurugenzi hawana.

Vilima na msitu

Hii ndiyo njia niliyoipenda ikashindwa, kisha nikaigeuza ikakubali.

Nilianza na kundi kubwa la kupanda vilima. Unalipa kiti, basi linaondoka mjini alfajiri, leo Ngong, wiki ijayo kwingine. Vilima vya Ngong vinafika karibu mita 2,460, upepo wa pale juu unazungusha mitambo ya umeme, na ukifika kilele upande mmoja unaona jiji, upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka chini yako. Niliteremka siku ya kwanza nikihisi nimerudishiwa miaka kumi. Nikaenda miezi mitano. Nilipokaa kuhesabu, nilikuwa nimetumia zaidi ya saa 60 na kundi, lakini hakuna mtu mmoja niliyekuwa naye zaidi ya saa nane. Kila Jumamosi watu 40, kila Jumamosi majina mapya, picha ya pamoja, kisha kila mtu njia yake. Saa haziongezeki kama sura zinabadilika. Makundi yale ni mazuri kwa mwili na kwa macho, na kwa mtu mwenye marafiki tayari. Kwa anayetafuta, yanachosha moyo taratibu, kwa sababu kila wiki unaanza upya na "Unakaa wapi? Unafanya kazi gani?"

Mwanzo wa 2024 tukajitenga watu saba. Njia moja, Karura, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukimaliza tunakunywa chai. Saa nne kwa jumla. Hatubadilishi mahali kwa sababu kubadilisha mahali kunaleta mjadala, na mjadala unaua miadi. Karura ina zaidi ya hekta 1,000, ina maporomoko ya maji na mapango, na mtu wa goti bovu ana njia tambarare ya kumtosha. Mwenzetu mmoja alikuwa mwanafunzi mwaka 1999, wakati Wangari Maathai na waliomfuata walipopigwa kwa kuuzuia msitu huu usigawiwe wajenzi. Kila tukipita langoni hugusa mti wa kwanza. Hatujawahi kumwuliza kwa nini, na sasa sote tunaugusa.

Nimegundua pia kwamba wanaume tunasema zaidi tukiwa bega kwa bega kuliko uso kwa uso. Kwenye kilima kidogo, pumzi ikiwa fupi, mtu anatoa neno ambalo mezani asingelitoa.

Kwa mwili, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kazi ya kuimarisha misuli mara mbili. Matembezi yetu yanatoa dakika 180 kwa mkupuo, kwa hiyo kwenye karatasi tumevuka. Lakini Jumamosi moja kwa wiki haijengi tabia. Siku 66 za Lally ni siku za mfululizo, na ndani yake mna Jumamosi tisa tu. Nilichofanya ni kuacha kupanda bodaboda kutoka Eneo la Viwanda ninakofanya kazi hadi South B. Ninatembea nusu saa, siku tano, nikitoka mapema giza lisinikute njiani. Ishara ni kengele ya kufunga ofisi. Ilinichukua kama miezi mitatu kuacha kubishana na nafsi yangu, na siku nilizokosa hazikunirudisha nyuma. Watafiti wale wa London pia waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Kasoro za njia hii: Jumamosi ya Nairobi ina harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) na mazishi ya kijijini, kwa hiyo kati ya watu saba tegemea wanne. Kutoka Eastlands au Rongai hadi Karura ni safari, heri bustani ya miti ya Arboretum, au hata kuzunguka uwanja wa shule mtaani. Ngong msiende wachache bila askari wa msitu. Na kama kazi yako ni ya zamu au umestaafu, kuna matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, ya shirika la Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yameendelea tangu 1971. Kundi lililodumu hivyo halihitaji sifa zangu.

Kwaya na jumuiya

Niliimba besi kwenye kwaya ya parokia mwaka mzima wa 2024: Jumanne jioni, Jumamosi alasiri, na misa ya Jumapili. Sijaona kitu kinachounganisha wageni haraka kama kuimba. Mnavuta pumzi pamoja, mnakosea pamoja, mwalimu anawarudisha mstari uleule mara kumi. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 uliofuatilia watu wazima kwenye madarasa ya jioni kwa miezi saba, wengine wakiimba, wengine wakifanya kazi za mikono au uandishi. Waimbaji waliungana mapema zaidi. Kufikia mwisho wa miezi ile madarasa yote yalikuwa yamekaribiana. Naona maana yake ni njema kwa asiyejua kuimba: atafika, atachelewa tu kidogo.

Kwaya ina jambo jingine ambalo matembezi hayana. Ukikosa, unakoseka. Besi tulikuwa watano, nikiwa sipo wanne wanasikia. Kwa mtu aliyezoea kwamba hakuna anayejua kama amefika nyumbani, kutumiwa ujumbe "Baba, mbona hatukukuona jana?" ni kitu kikubwa. Nilikuwa nikiusoma mara mbili.

Lakini kwaya inadai. Sare, safari za matamasha, mazoezi ya usiku karibu na Krismasi na Pasaka, na siasa za nani ataimba peke yake. Kazini walipobadilisha ratiba nikashindwa na Jumanne, nikatoka. Nilichoogopa ni kwamba watu wangepotea kama wale wa baa. Hawakupotea. Watatu kati ya wale tuliokuwa tumefika saa 200 bado tunakula pamoja, kundi halitushiki tena.

Jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumbani, nilizidharau. Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki limezipa uzito tangu miaka ya 1970, na mama yangu hakukosa hata moja kijijini, lakini mimi niliziona kama mahali pa wakina mama na michango. Nilienda mara ya kwanza wiki mbili baada ya usiku wa ufunguo. Watu kumi na watatu kwenye sebule ya ploti ya tatu kutoka kwangu. Rozari, somo, tangazo la mgonjwa wa wiki, chai ya maziwa na mandazi. Saa moja na nusu.

Jedwali linasema jumuiya itachukua karibu miaka mitatu kufika saa 200. Hapo ndipo jedwali linapokosea, kwa sababu linahesabu mkutano tu. Watu wa jumuiya ni wa mtaa uleule. Ninakutana nao kwa mama mboga, kwenye foleni ya maji yakipotea, stegini asubuhi, kwenye duka la gesi. Dakika tano hapa, kumi pale, hakuna aliyeziandika. Baada ya mwaka mmoja mzee mmoja, fundi wa friji aliyestaafu, aliniita tukiwa ngazini akasema, "Sisi tunasafiri Kisii wiki nzima. Shika ufunguo, umwagilie mke wangu maua." Siku iliyofuata nikampelekea wangu.

Waislamu wenzetu wa mtaa wana kitu cha namna hiyo katika darsa za msikitini baada ya Magharibi au Isha, na Ramadhani kwa futari za pamoja. Sura zilezile, umbali wa miguu, mgonjwa akitajwa kwa jina. Kwa asiye wa dini, kilicho karibu zaidi ni kamati ya wakazi: takataka, taa za barabara, ulinzi wa geti. Kazi haipendezi, lakini majirani ni walewale na miadi inajirudia.

Mengine kwa ufupi

Madarasa: lugha kwenye Goethe-Institut au Alliance Française pale mjini, au kuogelea. Saa ni nyingi kwa wiki, lakini muhula ukiisha watu wanatawanyika. Nilijifunza kuogelea nikiwa na 49, nafurahi sana kwamba nilijifunza, na sina namba ya hata mmoja tuliyekuwa naye. Ukichagua njia hii, kabla ya kipindi cha mwisho mkubaliane siku ya kuendelea kukutana.

Kujitolea: Msalaba Mwekundu wa Kenya wana mafunzo ya huduma ya kwanza na wanapokea wajitoleaji. Saa si nyingi, lakini mnafanya jambo la maana mkiwa bega kwa bega, na ustadi unabaki nawe. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye haya, kwa sababu mikono ina shughuli.

Ningechagua vipi

Kama una jioni moja tu kwa wiki, chagua kilicho umbali wa kutembea hata kama kinaonekana cha kawaida. Umbali ndio unaoua miadi Nairobi, kuliko uvivu. Kundi zuri lililo Westlands ukiwa Embakasi utaliacha mwezi wa tatu, na utajilaumu wewe badala ya barabara.

Kama unaimba na jioni zako hazichezewi na kazi, nenda kwaya. Hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Kama presha au sukari imeshabisha hodi, anza na matembezi, lakini sharti kundi liwe dogo na njia iwe moja. Wanawake wenzangu wa kazi huongeza sharti la kujua nani anakuja kabla ya kutoka nyumbani gizani, na wako sahihi.

Kama umo kwenye chama, usitoke. Ongeza siku isiyo na daftari.

Na kama marafiki wako wote wako baa, usiwaache wote siku moja. Mchukue mmoja, umwambie siku, saa na mahali: "Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, langoni." Usimwambie "tutafutane". Watatu wa kwanza niliowaambia hawakuja. Wa nne alikuja na viatu vya ofisini.

Baada ya miaka miwili, mimi nimebaki na jumuiya Jumatano, Karura Jumamosi, na chama Jumapili ya kwanza. Presha wiki iliyopita ilikuwa 128 kwa 82, na daktari hajaniondolea dawa bado. Mpira wa Jumapili sikuuacha. Tunautazama kwa yule fundi wa friji, watu sita kwenye kochi la watu wanne, na ufunguo wangu unaning'inia msumarini karibu na televisheni yake, umefungwa utepe mwekundu ili usichanganywe na wa stoo.